Tafuta rupia pale ilipohesabiwa

Taja detekta, mashine ya kutafuta metali ardhini, kijiweni hapa Tanga uone. Dakika tano hazipiti, utakuwa umeshaletewa habari za mali ya Mjerumani: sanduku chini ya mbuyu, alama ya msalaba kwenye jiwe, rupia inayovuta punje za mchele. Hii ya mchele imewaliza watu wengi, kwa hiyo tuimalize mapema. Rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za utawala wake hapa, ni fedha asilimia 91.7, na sehemu iliyobaki ni shaba. Haivuti mchele, haivuti sindano, haina zebaki ndani. Anayekuonyesha ikivuta kitu ana ujanja aliouficha mahali fulani, na shida yake ni pesa yako.

Rupia yenyewe ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Ilipotea kama inavyopotea leo sarafu ya mia tano: kwa bahati mbaya, mtu akilipa, akichuchumaa au akipanda chombo. Enzi zile nguo yenye mfuko ilikuwa ya wachache. Pesa ilifutikwa kibindoni au ilifungwa fundo kwenye pindo la kanga. Kibindo hulegea mtu anapoinama kuteka maji au kujitwisha mzigo, na fundo hulegea linapofunguliwa mara nyingi, yaani sokoni. Ukishalijua hilo, unajua pa kwenda: visima vya zamani, magulio, vivuko, vivuli vya miembe walipotua wachukuzi, mbele ya baraza za maduka ya zamani, na mahali ambapo vibarua walipanga foleni ya mshahara.

Kwa upande wa Tanga, foleni hizo zilikuwa nyingi. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mkonge nao uliletwa mwaka huohuo wa 1893, na kambi za manamba zikafuata. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya Tabora na Ujiji, na ilikuwa makao makuu ya Mjerumani hadi mwaka 1891. Ndiyo maana kule rupia za miaka ya mwanzo ni jambo la kutarajiwa, na vivuko vya Mto Ruvu vina maana kuliko mbuyu wowote wenye hadithi. Kivukoni kila mtu alitoa pesa akiwa amesimama kwenye tope na mzigo kichwani.

Wapi usiguse

Magofu ya Tongoni na Kaole, maboma na majengo ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, makaburi yote ya dini yoyote: huko usiwashe hata mashine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863. Kuchimba kwa nia ya kutafuta masalia hayo kunahitaji leseni, na anayekutana nayo kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa. Rupia za Mjerumani zimetengenezwa baada ya mwaka huo, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuingia shamba la mtu. Anza kwa mwenye shamba na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na mgawo uandikwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Makubaliano ya mdomo hufa siku sarafu inapoonekana. Eneo la hifadhi ya reli lina mwenyewe pia; kuwa karibu na stesheni ya zamani hakukufanyi msafiri.

Kwa Tanga kuna jambo moja zaidi. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 mji huu ulipiganiwa, Waingereza wakitokea baharini. Mpaka leo ardhi inaweza kutoa maganda ya risasi: ya Kiingereza ya .303, na yale manene ya milimita 11 ya bunduki za zamani za askari wa Mjerumani. Maganda ni shaba nyeupe, yanaimba vizuri, na hayana ubaya. Ubaya uko kwenye kombora ambalo halikulipuka. Mlio ukiwa mpana kuliko sahani, na chuma cha mviringo kikaanza kutokeza, acha kuchimba palepale, weka alama, sogea mbali, piga 112. Usikitoe ili ukipige picha.

Zijue kwa mkono kwanza

Rupia za Kampuni ya Kijerumani zilitolewa kati ya mwaka 1890 na 1902. Upande mmoja ni Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa helmeti yenye tai juu yake, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili kuna simba na mti wa jamii ya mitende, na jina la kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Nusu rupia ina gramu 5.83 na upana wa milimita 24. Robo ina gramu 2.92 na milimita 19. Ni ndogo, nyembamba, na ndiyo inayorukwa na mashine nyingi. Rupia mbili, gramu 23.32 na milimita 35, ilitolewa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Ukiletewa moja na mtu usiyemjua, chukulia kwanza kwamba ni bandia.

Kuanzia 1904 hadi 1914 serikali yenyewe ndiyo ilitoa sarafu. Jina likawa DEUTSCH OSTAFRIKA, simba akaondoka, na mahali pake pakawa na thamani na mwaka ndani ya shada la matawi. Tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi hiyo inaweza kubadilisha bei ya sarafu mbili za mwaka mmoja, kwa hiyo usiisugue. Kipindi hicho ndipo hesabu ya pesa (sarafu ndogo ya shaba) 64 kwa rupia ilipoondoka ikaja hela 100 kwa rupia, ile hela tunayoitaja hadi leo tukiwa hatuna.

Nyingine usizopaswa kuzishangaa ni rupia za India. Mjerumani aliiga uzito wao ili sarafu yake ikubalike pwani, kwa hiyo nazo ni gramu 11.66 na fedha asilimia 91.7. Zenye VICTORIA QUEEN ni za kabla ya 1877. Zenye VICTORIA EMPRESS ni za kuanzia mwaka huo. Edward wa Saba, kichwa wazi, ni 1903 hadi 1910. George wa Tano, mwenye taji, anaanza 1911, na rupia ya mwaka huo ina kisa: tembo mdogo kwenye joho la mfalme alionekana kama nguruwe, watu wakaichukia, nyingi zikarudishwa kuyeyushwa.

Angalia pia mtego wa mwaka 1862. Rupia nyingi za India zina tarehe hiyo ilhali ziligongwa miaka kadhaa baadaye, mwaka wenyewe ukiwa haubadilishwi. Riyali ya Maria Theresa ndiyo kubwa ya mchezo huo. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini imegongwa tena na tena katika nchi mbalimbali hadi karne ya 20. Ina gramu 28.07, upana wa milimita 39.5, fedha asilimia 83.3, na maandishi kwenye ukingo wake. Ukingo laini au wenye meno kama shilingi ni dalili mbaya. Kwa kuwa tarehe ya sarafu haithibitishi umri wake, na sheria inatazama umri, riyali na rupia za zamani za India zipeleke zikatazamwe na maofisa wa Mambo ya Kale kabla hujafikiria mnunuzi.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ya miaka ya 1921 hadi 1946, nayo ina fedha, ila robo tu: asilimia 25 ya gramu 7.78. Za 1948 na kuendelea hazina kabisa. Watu huzikusanya kwa makopo wakidhani wametajirika.

Halafu kuna shaba: pesa za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, pesa za Kampuni za 1890 hadi 1892, hela zisizo na tundu, na zile zenye tundu, ambazo ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Hizi hazina fedha, lakini ndizo zinazokuongoza. Rupia moja ilikuwa pesa 64, na mtu wa kawaida alishika pesa mara nyingi zaidi kuliko rupia, kwa hiyo alizipoteza mara nyingi zaidi. Uwanja uliotoa pesa sita au saba ndani ya hatua 20 ni uwanja uliohesabiwa fedha. Usihame. Punguza mwendo, pita tena kwa kukatisha mistari ya kwanza.

Mashine

Kosa kubwa mkoani kwetu ni kuazima detekta ya wachimba dhahabu wa Handeni na kuja nayo mjini. Mashine hizo nyingi ni za mapigo, zisizotofautisha chuma na fedha, au zinafanya kazi kwa masafa ya juu, kilohezi 40 na kuendelea, kwa ajili ya punje ndogo za dhahabu. Kwenye kiwanja cha Ngamiani chenye misumari ya miaka 100 zitapiga kelele asubuhi hadi jioni. Rupia ni bapa kubwa la fedha, na fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine zote. Masafa ya chini, kilohezi 5 hadi 8, ndiyo huipata kina kirefu zaidi. Mashine za masafa mengi kwa pamoja ni bora kuliko zote kwa pwani, na baadaye nitaeleza kwa nini.

Koili, ile sahani ya mashine inayopitishwa juu ya ardhi, ikiwa ya sentimita 28 inafaa shamba lililo wazi. Kiwanja cha nyumba ya udongo iliyobomoka kinataka koili ndogo, sentimita 15 hivi. Koili kubwa inaona msumari na rupia kwa wakati mmoja, na mashine iliyowekwa kuficha chuma itaificha na rupia pia. Fanya jaribio hili kabla hujaenda popote: zika rupia, au pete pana ya fedha, sentimita 15 chini ya udongo uleule utakaoutafuta. Sikiliza. Kisha chomeka msumari wa inchi 3 sentimita 5 pembeni yake, usikilize tena. Kama mlio umekufa, punguza uchujaji wa chuma mpaka urudi hata kwa mkwaruzo. Ukikaza uchujaji ili upate ukimya, unalipa kwa sarafu.

Kusawazisha mashine na ardhi ndiyo hatua inayorukwa na kila mwenye haraka. Tafuta sehemu isiyo na metali, inua na kushusha koili kutoka sentimita 30 hadi 3 juu ya ardhi mara nane au kumi, urekebishe mpaka mlio usipande wala usishuke. Mchanga wa matumbawe wa Raskazone ni mtulivu, ukisawazisha mara moja unafanya kazi saa nzima. Udongo mwekundu ukielekea Muheza una kutu ya chuma ndani yake. Rudia kila unapobadilisha shamba, hata kila baada ya hatua 50, na punguza usikivu wa mashine kwa robo. Usikivu uliopandishwa hadi mwisho kwenye udongo huo hauongezi kina, unaongeza makelele yanayofanana na sarafu.

Fagia polepole, koili ikiwa imelala sambamba na ardhi, juu yake sentimita 3 hadi 5. Ukiinyanyua mwisho wa kila mfagio kama mtu anayefyeka nyasi, unapoteza nusu ya kina pembeni. Kila mfagio ufunike nusu ya ule uliopita. Kwenye mashine nyingi zinazokisia aina ya metali kwa namba 0 hadi 99, rupia nzima huimba juu ya 85, robo rupia hushuka hadi karibu na 80, hela za tundu hukaa katikati pamoja na vijiti vya kufungulia makopo. Namba hubadilika kwa kina na kwa udongo, kwa hiyo namba isikutawale. Sikiliza kama mlio unarudi uleule ukifagia kutoka kaskazini, kisha ukizunguka robo duara na kufagia kutoka mashariki. Rupia iliyolala bapa haibadiliki. Msumari uliopinda huimba juu upande mmoja na kukwaruza upande wa pili, na mahali unapoonyesha panahama kiganja kizima. Kizibo cha soda huruka namba: 60, 84, 71. Kipande cha bati au debe lililooza ndicho mwongo mkubwa. Kinaimba juu kabisa, safi kama fedha. Inua koili polepole hadi magotini. Mlio wa sarafu hufa mapema, wa debe hukufuata.

Isipokuwa pale ambapo kinachokufuata ni chungu. Vita ya 1914 ilipoanza, watu walizificha sarafu za fedha, nazo zikaadimika mpaka serikali ikachapa noti za dharura. Sehemu ya fedha hiyo ilizikwa ndani ya nyumba: chini ya kitanda, karibu na mafiga, kwenye kona ya nguzo ya mlango. Chungu hakina mlio, lakini sarafu 30 zilizogandamana zina mlio mpana kama debe. Kwa hiyo ndani ya msingi wa nyumba ya zamani mlio mpana na wa juu unachimbwa, ila kwa utaratibu wa kumtoa mtoto usingizini. Zikitokea sarafu tatu pamoja, simama, piga picha zikiwa mahali pake, umwite mwenye shamba kabla ya kuendelea.

Ufukweni ni somo jingine

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja huuona mchanga wenye maji ya bahari kama metali. Ukitoka mchanga mkavu kuingia mchanga uliolowa inaanza kupiga yenyewe kila koili inapogusa wimbi. Mashine ya masafa mengi hulinganisha majibu ya masafa tofauti na kuitoa chumvi. Kama huna, baki juu ya alama ya maji kujaa, au shusha usikivu hadi nusu na usitarajie zaidi ya sentimita 12. Michirizi ya mchanga mweusi unaobaki baada ya mawimbi ni tatizo tofauti: ni chembe nzito zenye chuma, na mahali ilipolala nene hata mashine nzuri hupofuka. Lakini usiikimbie moja kwa moja. Bahari hupanga vitu kwa uzito, na palipokusanyika mchanga mzito ndipo palipokusanyika risasi za nyavu, misumari ya shaba ya majahazi, na sarafu.

Nenda siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapokupwa mbali. Tanga tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3. Anza saa mbili kabla ya kupwa kabisa, ufuate maji yakishuka, na ugeuke nayo yakigeuka. Siku tatu baada ya upepo mkali wa kusi ni bora kuliko mwezi mzima wa shwari, kwa sababu mchanga wa juu umeondolewa na tabaka gumu la chini liko karibu. Ukiona mchanga umekatwa kama ngazi, fagia chini ya ngazi, si juu. Maji mafu lala.

Kuchimba bila kuikata

Kovu la jembe kwenye shavu la Kaisari halifutiki, na sarafu yenye kovu hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Jembe libaki nyumbani. Vifaa ni mwiko wa muashi ulionolewa upande mmoja, sululu ndogo kwa matumbawe, salfeti tupu, na kile kidetekta cha mkononi kinachoitwa pinpointa. Ukishapata katikati ya mlio, chora duara la sentimita 20 na uanzie ukingoni, ukielekeza ncha ya mwiko chini, kamwe si kuelekea katikati. Kwenye majani kata pande tatu na ukunje kipande kama mlango, ili kirudi bila kukauka. Udongo wote uende kwenye salfeti. Pitisha koili juu ya shimo, kisha juu ya salfeti, ujue kitu kiko wapi kabla ya kuendelea. Sarafu nyingi zilizokosekana zilikuwa zimeshatoka, ziko kwenye bonge la udongo lililotupwa pembeni.

Ikitoka, usiisugue kwa kidole gumba. Kila mtu anafanya hivyo ili aone mwaka, na chembe za mchanga wa matumbawe zinachora uso wa fedha kama msasa. Ipulize, iweke kwenye kopo lenye maji kidogo, uandike namba ya shimo, kina na mahali. Rudia mlio shimoni. Zilizofungwa fundo moja hudondoka pamoja. Kisha fukia, kanyaga, rudisha majani. Mwenye shamba aliyeachiwa mashimo hatakuruhusu tena, na ng'ombe wake akivunjika mguu utalipa.

Usafi unaoharibu

Fedha hutoka ardhini kwa sura tofauti kulingana na ilikolala. Kwenye mchanga mkavu wa matumbawe hutoka kijivu, karibu safi. Kwenye jalala au choo cha zamani hutoka nyeusi, na kwenye tope la mikoko nyeusi zaidi, kwa sababu tope lile lenye harufu ya yai viza limejaa salfa. Ufukweni hufunikwa gamba la kijivu au kahawia, ambalo ni fedha iliyoungana na klorini ya chumvi. Ukiona ukijani juu yake usiitupe ukidhani ni bandia. Ni ile asilimia 8 ya shaba inayotoka nje.

Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, waya wa kusugulia sufuria: vyote hivyo vimeua sarafu nyingi kuliko bahari. Vinang'arisha kwa kula uso. Mnunuzi anayejua huutambua mng'ao huo kutoka upande wa pili wa meza.

Iliyotoka baharini inatakiwa kutolewa chumvi kwanza. Nunua maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na usome chupa mara mbili kwa sababu asidi huuzwa rafu hiyohiyo. Loweka sarafu kwenye kikombe cha glasi, badilisha maji kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki mpaka mwezi utimie. Tope litaachia lenyewe. Linalobaki liondoe kwa kijiti cha mwanzi kilicholowa, sarafu ikiwa ndani ya maji. Ukiharakisha, chumvi iliyobaki itaendelea kula chini ya gamba ukiwa umeshaiweka kabatini.

Weusi wa salfa, kama kweli unakusumbua, unaondoka kwa karatasi ya aluminiamu. Tandika bakuli la glasi kwa karatasi hiyo, upande unaong'aa juu au chini haijalishi, sarafu iguse karatasi, tia kijiko kimoja cha mezani cha baikaboneti ya kupikia kwa nusu lita ya maji ya moto. Aluminiamu huichukua salfa na fedha hubaki. Harufu ya yai viza ikitoka, ndiyo kazi inafanyika. Dakika moja, mbili kwa wingi, suuza, tazama. Kwenye gamba la ufukweni njia hii haisaidii sana, na kwa sarafu iliyochimbika uso inafichua vishimo ambavyo weusi ulivificha. Kwa maoni yangu weusi sawasawa, usio na mabaka, uachwe.

Kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba, bila kusugua. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi nyeupe. Vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali hutoa utelezi wa kijani baada ya miezi. Raba ya kufungia na gazeti vina vitu vinavyoirudisha fedha kwenye weusi. Joto la unyevu wa pwani hulowanisha kila kitu, kwa hiyo tia kwenye kopo vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe.

Kupima na kuuza

Sumaku ndiyo kipimo cha kwanza, na inakataa tu, haithibitishi. Kinachoshika sumaku si fedha. Kisichoshika kinaweza kuwa shaba nyeupe au mchanganyiko wa nikeli. Kipimo cha pili ni mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Rupia iliyotumika sana inaweza kuwa na gramu 11.3 au 11.5, ikizidi 11.7 jiulize.

Kipimo cha tatu kinafanyika jikoni. Weka bilauri ya maji juu ya mizani hiyo, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala kando. Soma. Rupia halisi ya gramu 11.66 itaonyesha karibu 1.13, kwa kuwa fedha ya asilimia 91.7 ni nzito kuliko maji mara 10.3. Ya bandia yenye shaba na nikeli itaonyesha karibu 1.31. Riyali ya gramu 28.07 isomeke karibu 2.75. Mapovu yaliyoshika kwenye uso huongeza namba, kwa hiyo yagonge yaachie kabla ya kusoma.

Tazama pia ukingo wa juu kwa lenzi. Rupia nyingi zilitobolewa au kuunganishwa kikuku kidogo zivaliwe shingoni, na alama ya lehemu hubaki hata baada ya kikuku kuondolewa. Ni halisi, ila bei yake ni nyingine.

Ndani ya rupia moja kuna gramu 10.69 za fedha tupu. Hiyo ndiyo hesabu ya chini kabisa, anayoijua sonara, na kwa sarafu iliyolika mpaka mwaka hausomeki ni bei ya haki. Kwa inayosomeka mwaka na herufi, piga picha pande zote mbili na ukingo, karibu na rula, mwanga ukitoka pembeni, andika uzito, kisha waulize wakusanyaji watatu kabla ya kutaja bei yako. Mnunuzi akiiweka kwenye mizani bila kuigeuza atazame mwaka, ichukue uondoke.